Mota ya Chini ya Stuli

Tarehe 3, mwezi wa pili

Koleo, mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na moja na kalamu bado inanitii. Nimewazika mameneja wanne wa kiwanda cha nyuzi, na kiwanda chenyewe nikakizika, maana siku wanafunga milango mimi ndiye niliyezima mota ya mwisho. Nimeishi kuliko meno yangu yote, kuliko mapaa mawili ya nyumba hii, na kuliko yule daktari aliyeniambia nikiendelea na tumbaku sitafika sitini. Yeye ndiye hakufika. Kwa hiyo usiniandikie kama unamwandikia mzee.

Huku hatujambo. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la tupa, sasa nikitaka kufanya kazi lazima nipige hodi. Bibi yako ni yule yule. Upande wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi, ila mkono wa kushoto ni mzima na akili ni nzima kuliko yangu na yako ukizijumlisha. Sauti ndiyo imeshuka. Anasema kama mtu aliyefunikwa mto. Muuguzi huja asubuhi, humwogesha, humgeuza, hunigombeza mimi, huondoka.

Sasa neno lenyewe. Baba yako alikuja. Hakukaa, alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita, akasema mama yake anahamia kwake. Ati kwa sababu mwezi uliopita Bibi yako alishuka kitandani akapumzika kidogo sakafuni. Nani kampelekea habari hizo sijui, lakini mdomo wa muuguzi hauna komeo. Nikamwambia, "Huyu nilimwoa mimi, hukumwoa wewe." Akasema, "Mzee, akikuita utajuaje?" Nikasema nitajua. Akasema, "Basi nionyeshe." Amesema atarudi na gari likizo ya mwezi wa sita, na asipoonyeshwa anaondoka na mama yake.

Nitamwonyesha. Mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu hawezi kuniambia nionyeshe nikashindwa.

Nataka unitumie kifaa. Bibi yako akigusa kitu pale kitandani, mimi kule uani kwenye stuli yangu nishtuke. Kengele sitaki. Kengele ni za shule na zinaudhi majirani. Nataka kitu cha kutikisa. Na usinipigie simu, simu za siku hizi zina mikwaruzo, hakieleweki kitu. Andika.

Babu yako, fundi mkuu wa mota.


Tarehe 21, mwezi wa pili

Babu, shikamoo.

Na Bibi shikamoo, mbusu kwenye shavu lile linalosikia. Mimi ni mzima. Karakana yetu imejaa mizani ya zahanati, kila moja inasema mtoto yule yule ana uzito tofauti, na mimi ndiye hakimu. Mama ana mafua. Baba hajambo, ana shughuli nyingi nyumbani kwake.

Mume wangu wa uzeeni, nimeupenda mpango wako. Kuhusu kengele umesema kweli, majirani wangelalamika. Kutikisa ni bora.

Ndani ya pakiti hii utakuta bodi ndogo ya kijani, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Hiyo ndiyo akili. Nimeshaifundisha kazi. Ina vitufe viwili, vyote vitakaa kando ya Bibi. Cheupe ni cha kuita. Akikigusa mara moja tu, hata kwa kidole kimoja, bodi itakumbuka na itaamuru mota itikisike, ipumzike, itikisike, bila kuchoka. Cheusi ni chako wewe: ukifika ukikibonyeza, inanyamaza. Maana yake huwezi kuinyamazisha ukiwa uani. Lazima ufike kitandani. Najua utauliza kwa nini tusiunge tu swichi na betri na mota. Kwa sababu Bibi angelazimika kukandamiza mpaka utokee, na mkono wake hauna nguvu hiyo.

Mota nimeitoa kwenye kifaa kibovu. Ina uzito wa chuma upande mmoja wa ekseli, ikizunguka inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa. Uifunge chini ya stuli.

Sasa nisome vizuri. USIUNGE MOTA KWENYE BODI. Kuna vipande vitatu vinakosekana, vimeisha dukani huku, navisubiri. Nitavituma pamoja na maelezo. Mpaka hapo, viangalie tu kwa macho.

Na swali moja, Babu. Bibi alipumzika pale sakafuni kwa muda gani?

Mjukuu wako, Koleo.


Tarehe 14, mwezi wa tatu

Koleo,

Marahaba. Salamu zimefika. Mafua ya mama yako ayatibu kwa kulala, amezidi kukimbia. Paka wadogo wameanza kukimbizana. Mmoja ana rangi ya grisi, nimempa kazi ya ulinzi.

Kifaa kimefika. Stuli nimeitoboa, mota nimeifunga kwa bolti mbili na mpira chini, kazi ambayo hata meneja wa tatu angeipigia makofi, na yeye alikuwa bahili wa makofi. Waya nimeuvuta kutoka uani mpaka chumbani, nimeupitisha juu ya mlango, hauonekani.

Ila bodi uliyonitumia ni dhaifu. Imelala.

Nakueleza ilivyokuwa. Wewe ulisema nisubiri. Mimi nimehudumia mota ambazo ukizisimamisha pembeni ya ng'ombe, ng'ombe anaonekana ndama. Nikaitazama hii yako, inaenea kwenye kiganja, nikasema hii nayo inataka kusubiriwa kama mgeni rasmi? Inataka vipande vitatu ili izunguke? Nikaunga waya mmoja wa mota kwenye mguu wa bodi ulioutia alama, mwingine kwenye hasi. Bibi yako akagusa kitufe cheupe. Mota ikashtuka mara moja kama mkia wa mjusi uliokatika. Kitaa cha bodi kikafifia. Halafu basi. Nimebadilisha betri, nimeipuliza, nimeiweka juani. Haiamki. Muuguzi anasema chumba kilinuka. Mimi sikunusa kitu.

Nitumie nyingine, iliyo imara. Waambie hao wanaozitengeneza kwamba fundi mkuu amekataa hii.

Bibi yako anakusalimu. Alisema kitu kuhusu mimi na subira lakini karatasi imejaa.

Babu.


Tarehe 6, mwezi wa nne

Babu, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Barua ya kwanza niliyoandika niliichana, ilikuwa na adabu mbaya. Ya pili nilianza kwa methali, nikaona ile methali si ya kumwandikia mtu ninayempenda, nikaiacha. Hii ni ya tatu.

Bodi haikulala, Babu. Imekufa, na umeiua wewe.

Unakumbuka siku uliyonipeleka kiwandani? Nilikuwa mdogo, ukaninyanyua nikabonyeza kitufe cha kijani, na ile mota kubwa ya mwisho wa ukumbi ikaunguruma. Nikapiga kelele, "Nimeizungusha mimi!" Ukanishusha chini, ukanifungulia lile kabati la chuma ukutani, ukanionyesha kontakta nene kama ngumi zako, ukaniambia: "Kidole chako hakijazungusha kitu. Kitufe hakibebi mota. Kitufe kinatoa amri tu, na huyu mbeba mzigo ndiye anayefungua njia. Ukimbebesha kitufe umeme wa mota, kitayeyuka mkononi mwako." Nimefika hapa nilipo kwa maneno hayo. Nayafundisha kwa wengine, nasema ni ya babu yangu.

Sasa mguu wa bodi ni nini? Ni kitufe. Una nguvu ya kuwasha kitaa kimoja, basi. Mota, hata ya kuenea kiganjani, inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara nyingi zaidi ya huo. Umembebesha karani gunia la saruji.

Mbeba mzigo wetu ni hiki kipande cheusi chenye miguu mitatu. Kinaitwa transista. Ndiyo kontakta yako, imepunguzwa mpaka kufikia punje ya hindi. Bodi inainong'oneza kupitia mguu wa kati, nayo inafungua njia kati ya miguu miwili ya pembeni. Mota ipate umeme wake kutoka betri zake yenyewe, nne za tochi, isiibe kwa bodi. Na kati ya bodi na mguu wa kati weka hii rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, ili hata mnong'ono uwe na kipimo.

Kipande cha tatu ni dayodi. Hicho nitakieleza ukiniahidi kwamba utauliza kabla ya kuunga.

Bodi ninayokutumia ilikuwa ya kazi yangu mwenyewe. Nimeing'oa kwenye mashine yangu. Nyingine sina, na mwezi wa sita hauko mbali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini likivunjika na la pili, Babu, mhunzi aende kulala.

Baba hajambo. Anapaka rangi.

Na swali langu hukulijibu, nikamuuliza muuguzi. Amenieleza alivyomkuta Bibi siku aliporudi kufuata miwani aliyoisahau hapo. Amenieleza kwamba Bibi alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka, na dirisha la uani lilikuwa wazi.

Koleo.


Tarehe 29, mwezi wa nne

Koleo,

Marahaba.

Uliloandika kuhusu sakafu nimelisoma.

Paka watatu wamepata wenyewe. Yule wa grisi amebaki. Mvua imeingia kwenye ukuta wa jikoni, nimeiziba.

Baba yako anapaka rangi chumba gani?

Barua yako nilimsomea Bibi yako kwa sauti, yote, mpaka pale pa karani na gunia la saruji. Alicheka. Nusu ya mdomo tu ndiyo inayocheka siku hizi, lakini ile nusu ilifanya kazi ya mdomo mzima, hadi nikamfuta machozi. Halafu akanyoosha kidole kwenye karatasi nirudie. Nikarudia. Sikujua kama kuna siku nitamsomea mke wangu matusi yangu mwenyewe mara mbili.

Kwamba kitufe hakibebi mota, hilo mimi nililijua kabla baba yako hajaota meno. Hakuna aliyenifundisha. Ila sikujua kwamba bodi ni kitufe. Ilikuja imevaa kama bwana mkubwa, ina maandishi kila mahali, nikadhani ndiyo stesheni ya umeme yenyewe. Mngeandika juu yake "kitufe" hakuna kitu kingeungua.

Sasa sikiliza. Sijaunga kitu. Umesoma? Vipande vyote viko ndani ya kopo la chai, kifuniko nimekifunga kwa waya, na kopo liko chini ya mto wa Bibi yako, nimemwambia asinipe hata nikilia. Jana nililiomba. Alifumba macho akajifanya amelala.

Nimechora kwenye karatasi ya pili. Duara ni mota. Betri za tochi, chanya inaingia mota, mota inatoka kwenda mguu wa pembeni wa transista, mguu wa pembeni mwingine unarudi hasi ya betri. Mguu wa kati, rezista, bodi. Nimekosea wapi?

Na dayodi ni ya nini? Nimeuliza. Kabla ya kuunga. Waonyeshe wanafunzi wako barua hii.

Babu.


Tarehe 15, mwezi wa tano

Babu wangu, shikamoo, na tena shikamoo.

Nimeibandika barua yako kwenye ukuta wa karakana. Kila anayeingia anaisoma. Kuna kijana wa chuo aliuliza huyu mzee anafundisha wapi.

Mchoro wako una kosa moja tu, na ni kosa ambalo hata waliosoma hulifanya. Hasi ya betri za tochi na hasi ya bodi lazima zikutane. Kipande kimoja cha waya kiziunge. Zisipokutana, bodi inanong'ona chumba kimoja na transista iko chumba kingine, amri haifiki, na wewe utakaa unalaani mota isiyo na kosa.

Dayodi sasa. Unakumbuka ulipokuwa unavuta mkono wa swichi ya zamani, ile cheche ya buluu inayoruka? Uliniambia mota haipendi kukatizwa. Ni kweli. Ndani yake kuna koili, waya uliozungushwa mara nyingi, na koili ukiikatia umeme ghafla inausukuma kwa hasira, inatupa teke. Kontakta yako ya chuma ilivumilia teke hilo. Punje ya hindi haitavumilia. Na bodi yetu itawasha na kuzima, kuwasha na kuzima, kila mara teke. Dayodi ni mlango wa upande mmoja: inalipatia lile teke njia ya kurudi ndani ya mota yenyewe likazunguke humo mpaka life. Iunge sambamba na mota, waya kwa waya, karibu nayo. Ina mstari mweupe kwenye ncha moja. Mstari uelekee chanya. Ukiigeuza, umeme wote utapita ndani yake badala ya mota, na transista itaungua kabla hujasema yarabi.

Lehemu kwanza, betri mwisho. Kabla ya mota, weka taa ndogo ya tochi mahali pake uone inawaka na kuzima. Ikikubali, toa taa, weka mota. Halafu shika transista kwa kidole. Joto kidogo si neno. Ikikuchoma, toa betri, usimtoe mtu roho, niandikie.

Sasa yale niliyokuwa nayapiga chenga. Chumba anachopaka Baba ni kile cha mbele, chenye dirisha kubwa. Ameshanunua kitanda cha kunyanyuka. Na hatangoja likizo. Anakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Aliniambia nisikwambie, nami nilitii barua mbili nzima, sasa nimechoka kutii.

Usimchukie. Haendeshi gari umbali ule kwa kukukomoa. Ameshindwa kulala tangu aliposikia habari ya dirisha la uani.

Nilimuuliza, "Baba, umemuuliza Bibi anataka nini?" Akaanza kusafisha brashi.

Na wewe je, Babu? Umemuuliza?

Koleo.


Tarehe 11, mwezi wa sita

Koleo, mke wangu mdogo,

Marahaba. Sisi wazima. Wazima wawili, na paka mmoja.

Nitaeleza kwa utaratibu ili usije ukasikia kwa wengine limepinda.

Barua yako ilifika, nikaifanyia kazi kama ulivyoandika. Bibi yako alinipa kopo. Nilitandaza kila kitu juu ya blanketi lake, mbele ya macho yake, kwa sababu mkono wangu wa kushoto unatetemeka siku hizi, huo ni mtetemo wa kazi si wa uzee, na yeye alishika vichwa vya nyaya kwa vidole vyake vizima wakati mimi natia lehemu. Nilipotaka kuweka dayodi, akanipiga kofi la mkono. Nikatazama. Mstari ulikuwa umeelekea hasi. Nikaigeuza. Hilo sitalikana, maana ana kumbukumbu kuliko karani wa korti.

Nikaunga hasi na hasi. Nikaweka taa. Akagusa cheupe, taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Tuliitazama kama watu wanaotazama mtoto anayetembea. Halafu nikaweka mota, nikaenda uani, nikakaa. Stuli ikaruka chini yangu kama punda aliyeumwa na nyuki! Nikarudi chumbani nikabonyeza cheusi. Akagusa cheupe tena kabla sijafika mlangoni. Siku ile aliniita mpaka miguu ikauma, hana haja yoyote, anacheka tu na ile nusu. Transista niliishika kila mara. Vuguvugu, kama yai lililotoka kwa kuku.

Uliniuliza kama nimemuuliza. Sikumuuliza. Niliogopa atasema ndiyo. Kitanda kinanyanyuka, dirisha ni kubwa, mkamwana ana mikono laini. Mimi nina nini? Nina stuli.

Baba yako akafika. Akanisalimu kwa ile sauti yake ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaingia kwa mama yake, akambusu mikono yote miwili, mzima na mgonjwa. Muuguzi alikuwepo, anakunja mashuka.

Nikamwambia, "Ulisema nikuonyeshe."

"Mzee, nionyeshe."

Nikaenda uani nikakaa, nimeupa mlango mgongo. Stuli ikatikisika, nikainuka, nikaingia, nikabonyeza cheusi. Nikasimama pale. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa, kuhusu kontakta.

Akatazama ule waya juu ya mlango. Akasema, "Kazi nzuri, Mzee. Kazi nzuri sana." Nikaona midomo yake haijamaliza. "Lakini betri zinaisha. Na ukiwa umesimama? Na ukiwa njiani dukani? Mimi siwezi kulala kwa kutegemea stuli."

Nikasema, "Betri zinabadilishwa. Dukani naenda muuguzi akiwepo."

"Mzee, tafadhali."

Muuguzi akasema, "Baba mtu, mzee anajitahidi," baba yako akamwambia nyamaza dada, haya ni ya ndani. Akafungua begi. Begi jipya, lina magurudumu. Akaanza kutoa nguo za mama yake kabatini.

Koleo, mimi nimegombana na mameneja wanne. Lakini mtoto yule hakuwa na hasira, ningeiweza hasira. Alikuwa anakunja gauni la mama yake taratibu kama anakunja kitu kilicholala. Nikatoka. Nikaenda kukaa kwenye stuli, kwa sababu sikutaka anione uso, na kwa sababu mahali pengine pa kukaa hapakuwepo.

Ikatikisika.

Nilidhani ananiita nimuage. Nikakaa. Ikapumzika, ikatikisika tena. Bodi yako haina heshima, haijui mtu anapotaka kuachwa. Nikaenda.

Nikanyoosha mkono nibonyeze cheusi. Bibi yako alikuwa amekifunika. Kiganja chake chote cha kushoto kilikuwa juu ya kitufe cheusi, amekikandamiza, na ananitazama mimi, halafu anamtazama mwanawe. Baba yako akasema, "Mama, mwachie azime." Akatikisa kichwa. Baba yako akamshika vidole kwa upole, akanyanyua kimoja, akaja cha pili. Akaacha. Muuguzi ameziba masikio anacheka. Baba yako anageuza shingo kuelekea uani na anakunja uso, anakunja uso, kila mota inapopiga. Kumbe stuli haina mtu juu yake, miguu ya chuma inacheza juu ya saruji, kelele mpaka njiani, fundi viatu wa ng'ambo alivuka kuja kuuliza tunasaga mawe ya nini.

Bibi yako akafungua mdomo. Nikaona midomo inakwenda, sentensi nzima, ndefu kuliko zote tangu augue.

Nikamuuliza baba yako, "Kasema nini?"

Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu. Kisha akaja akaweka mdomo karibu na sikio langu, bila kupiga kelele, akasema, "Anasema hakiachii hicho kitufe mpaka nizirudishe nguo zake kabatini. Anasema anabaki na mumewe."

Ndiyo, Koleo. Sikulisikia. Wala stuli sikuisikia, mmoja ameziba masikio, mwingine anakunja uso, na mimi nimesimama kama nguzo. Sisikii. Mashine za nyuzi zilinila masikio mapema, na kilichobaki kimeisha polepole, na siku ile dirisha lilikuwa wazi na mimi nilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nimeandika mwenyewe kwa kalamu, hakuna aliyenishika mkono. Ukitaka ibandike ukutani nayo.

Alipozirudisha nguo, mama yake aliachia. Nikabonyeza. Nikashika transista, imepigwa mfululizo muda wote ule, nikajua nitakuta majivu. Ilikuwa na moto wa chai iliyosahaulika kidogo. Haikuungua. Dayodi salama, bodi salama. Kazi ya mikono mitatu, wangu na ya watu wawili ninaowajua.

Baba yako alilala hapa, chini, kando ya kitanda cha mama yake. Kabla ya kuondoka alibadilisha betri mwenyewe, akaniuliza nimwonyeshe ni ipi hasi. Ameniagiza mota ya pili ya chini ya mto wangu, nikwambie wewe. Kwa hiyo nakwambia: tuma transista, tuma dayodi. Mstari nitautazama.

Na kama kuna mtu wa ukoo atakayesema mzee ametia chumvi, muuguzi yupo, hufika kila asubuhi na mdomo wake unaujua. Fundi viatu yupo, mlango wa bluu. Bibi yako yupo, mradi umsogelee. Lakini shahidi wangu mkubwa ni baba yako, maana ndiye aliyezitoa zile nguo kwenye begi, moja moja, akazikunja upya, akazipanga pale zilipokuwa.

Babu yako.